Ngoma yako ipigwe redioni: mwongozo kwa msanii wa mkoani

Mlinzi wa getini ndiye aliyekuwa akiniletea nyimbo mpya. Kila Jumatatu asubuhi alinikabidhi bahasha: flashi tano, saba, siku nyingine kadi za simu zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Nilikaa miaka kadhaa kwenye redio moja ya mkoani, siku za kazi nikiendesha kipindi cha mchana, Jumamosi nikipiga muziki ukumbini. Nyingi ya flashi zile sikuweza kuzitumia, na si kwa sababu wasanii hawakujua kuimba. Faili liliitwa "FINAL MPYA 2", jina la msanii halimo, namba ya simu haimo. Au wimbo ulianza na nusu dakika ya produza akijitaja. Au tusi lilikaa katikati ya kiitikio, mahali ambapo huwezi kulikwepa.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yako uliyerekodi ngoma ya kwanza au ya tatu, uko Njombe, Tanga, Kigoma au Mbagala, na hujui pa kuanzia. Shika jambo moja kabla hatujaenda mbali: wimbo hupigwa na mtu. Mtu huyo ana saa mbili au tatu za kujaza, na asipozijaza vizuri msikilizaji anahamia masafa ya jirani. Ukimpelekea kitu kinachomrahisishia kazi, atakitumia. Ukimpelekea ombi la kuhurumiwa, atakuhurumia, kisha ataendelea na kazi yake.

Kwanza jua wanaofungua mlango walitoka wapi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio ya serikali tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi kubwa kama Mlimani Park na Msondo zilirekodi hukohuko redioni. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikaruhusu redio binafsi, na Radio One ikaingia hewani 1994. Vijana wa rapu ya Kiswahili walikuwa tayari wana mistari, lakini masikio ya wengi yalikuwa Marekani. Kipindi cha DJ Show cha Radio One, kwa watu kama Taji Liundi na Mike Mhagama, kikaanza kuziweka nyimbo za nyumbani bega kwa bega na za ng'ambo. Mhagama ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliupa muziki ule jina la Bongo Fleva. Clouds FM nayo ilitokana na disko: walianza ma-DJ, mnara ukaja baadaye.

Singeli ilipita njia hiyohiyo. Ilikuwa muziki wa vigodoro, sherehe za mtaani za usiku, huko uswahilini, Manzese na Tandale, ikisafiri kwa kadi za simu na flashi za makonda. Wenye redio wengi waliiona kelele. EFM, redio ya Dar iliyoanza 2014, ikaipa nafasi hewani na kwenye matamasha yake ya mitaani, na majina kama Msaga Sumu na Man Fongo yakatoka mtaani kwao yakafika nchi nzima.

Katika visa vyote viwili kuna mtu aliyeamua kurudia kitu ambacho bado hakijapendwa. Kupigwa mara moja ni heshima tu. Kutoboa kunaanza pale mtangazaji anapoipiga leo, keshokutwa, na wiki ijayo, huku akiweka jina lake rehani kwamba hii ni kali. Unachomwomba, kwa kweli, ni hiyo rehani. Ndiyo maana haitolewi ovyo.

Hatua ya kwanza: sikiliza redio, na daftari mkononi

Wiki mbili. Chagua redio moja ya nyumbani kwenu, usiseme "redio zote". Andika kila kipindi cha muziki: jina, saa, mtangazaji, DJ kama ni mtu mwingine, nyimbo za wasanii wasiojulikana zilizopigwa na muda zilipopigwa. Utagundua mambo. Kipindi cha asubuhi kina habari na magazeti, na muziki wake ni wa majina makubwa. Usipoteze nguvu huko. Kipindi cha mchana cha vijana ndicho chenye pengo. Usiku kuna mtu mmoja anayepiga taratibu, na wikiendi kuna miksi ya DJ ya saa nzima ambayo watu wanairekodi kwenye simu zao.

Jua pia nani anaamua. Redio kubwa za Dar zina mkuu wa muziki, pengine na kikao cha kusikiliza nyimbo mpya, na mtangazaji anakuta orodha imeshapangwa kwenye kompyuta. Redio ya mkoani mara nyingi mtu mmoja ndiye mtangazaji, DJ, produza wa kipindi na mpokea simu. Hiyo ni bahati yako. Ukimpata yeye umempata kila mtu.

Na usiidharau redio ya jamii yenye mnara mfupi. Msikilizaji wake anamjua mama yako.

Hatua ya pili: andaa faili, siyo wimbo tu

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Peleka MP3 ya ubora wa juu, kbps 320, na uwe na WAV, faili lisilobanwa, akiba kwa atakayeihitaji. Ipe faili jina hili: jina la msanii, kistari, jina la wimbo, kisha neno "safi" kama ni toleo lisilo na maneno makali. Jaza pia taarifa za ndani ya faili, yaani msanii, wimbo, mwaka, produza, kwa sababu programu za redio zinasoma hizo. Zikiwa tupu, ngoma yako inaonekana kwenye skrini kama "Track 01" na haitatafutwa tena. Usipakue wimbo wako mwenyewe kutoka YouTube ukaupeleka. Usipeleke pia ule ulioshushwa kwenye tovuti ambayo katikati ya ubeti sauti ya mtu inaitaja tovuti hiyo. Nimeshawahi kuzima ngoma nzuri hewani kwa ajili ya hilo.

Mwanzo wa wimbo ni mali ya mtangazaji. Yeye huongea juu ya biti kabla sauti yako haijaingia: anataja saa, anakutaja wewe, anamsalimia fundi wa Mjimwema, kisha anafunga mdomo sekunde ileile unapoanza kuimba. Akifanikiwa anajisikia fundi, na atataka kuurudia wimbo uliompa raha hiyo. Mpe sekunde 10 hadi 15 za biti, na mwandikie sauti inaingia sekunde ya ngapi. Mwambie pia mwisho ukoje: unafifia au unakatika ghafla. Anayejua mwisho wa wimbo hashikwi na ukimya hewani, na ukimya hewani ni aibu ambayo mkuu wa vipindi huikumbuka hadi mwisho wa mwezi.

Sahihi za produza na studio: moja inatosha, na iwe fupi. Urefu wa wimbo uwe kama dakika 3 na kidogo. Za dakika 5 zipo, lakini zako bado hazijafika huko.

Kuhusu sauti, mtu wa miksi atakuambia aukaze wimbo hadi mwisho ili uwe na nguvu. Kataa. Redio ina mashine yake inayobana na kukaza kila kinachopita, na wimbo uliokwisha kubanwa studio unatoka upande wa pili ukikwaruza. Halafu uusikilize wimbo kwa spika moja. Wasikilizaji wako wengi hawana spika mbili. Wana simu ndogo, redio ya betri kwa fundi viatu, spika iliyopasuka ya bajaji. Miksi iliyotandazwa sana kushoto na kulia inaweza kumeza sauti yako yote ikichezwa kwenye spika moja. Mwombe fundi viatu akuchezee. Kama kiitikio hakisikiki pale, rudi studio.

Kwa DJ ongeza vitu viwili: biti tupu, na toleo lenye mapigo peke yake mwanzoni na mwishoni, mapigo ya kuunganishia. DJ anayepiga redioni mchana ndiye anayepiga harusini Jumamosi, na harusini hawezi kuingiza wimbo unaoanza kwa kinanda cha huzuni bila ngoma. Ukimpa cha kuunganishia, umeingia redioni na ukumbini kwa safari moja.

Jina lako nalo litamkike. Kama mtangazaji anahitaji kukupigia simu kuuliza linasomwaje, atapiga wimbo wa mtu mwingine.

Hatua ya tatu: makaratasi

Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, na wimbo usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujausambaza. Mwanzoni mwa 2022 ofisi hiyo iligawa mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo zilizopigwa redioni, na wimbo ambao haujasajiliwa ni vigumu kuudai chochote. Na produza, andikianeni. Karatasi moja inatosha: biti ni ya nani, mashairi ni ya nani, mgawanyo ni upi. Mazungumzo haya ni mepesi sana kabla wimbo haujabamba.

Toleo safi si hiari. Maudhui ya redio yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na adhabu inamwangukia mwenye kituo, kwa hiyo hakuna mtangazaji wa mkoani atakayejitoa mhanga kwa ajili ya neno lako moja. Mwaka 2018 wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz ulifungiwa na BASATA, na hao ni watu wenye jeshi la mashabiki na mawakili. Wewe una mjomba tu. Ila usafi usiwe wa kupiga mluzi juu ya kila tusi. Wimbo wenye miluzi sita unasikika kama redio mbovu. Ingia studio, imba mstari mwingine.

Weka pia wimbo mtandaoni, Boomplay, Audiomack na YouTube, kabla ya siku ya redio. Mtu akiupenda akiwa kwenye daladala ana dakika moja ya kuutafuta. Asipouona, ameshausahau.

Hatua ya nne: kupeleka

Usiende wakati kipindi kiko hewani. Fika nusu saa baada ya kipindi kuisha, au asubuhi ya siku isiyo na pilikapilika. Ijumaa achana nayo. Msalimie mlinzi na dada wa mapokezi kama watu, kwa sababu ndio watakaokumbuka uso wako. Vaa kawaida. Nenda peke yako au na mtu mmoja. Nimepokea msanii aliyekuja na wapambe tisa kwenye studio yenye viti viwili.

Kama huwezi kufika, tuma ujumbe. Huu ndio niliokuwa nikiupata kila siku: "Oya bro mambo, mimi msanii, nisapoti basi, link hiyo." Sikuwahi kufungua hata mmoja. Huu hapa ningeufungua:

"Habari za kazi, kaka. Naitwa Fulani, naimba, niko Makambako. Jana saa nane ulipiga ngoma ya taratibu ya kijana wa hapahapa, ukasema ni ya kusikiliza mvua ikinyesha. Yangu iko upande huo. Dakika 3 na sekunde 5. Sauti inaingia sekunde ya 12, kiitikio sekunde ya 45, mwisho unakatika ghafla. Ni toleo safi. Faili nimeituma hapa chini. Nikihitajika studio nipo siku yoyote baada ya saa sita."

Tazama kilichomo: umesikiliza kipindi chake, umemwambia wimbo unakaa wapi, umemwondolea kazi ya kutafuta. Tuma faili kama dokumenti ili isibanwe, na kiungo kiwe cha ziada. Kisha nyamaza wiki moja. Wiki ikipita bila neno, uliza mara moja: "Kaka, uliisikia? Kama kuna cha kurekebisha niambie." Swali hilo la pili limewasaidia wasanii kuliko vipaji vyao. Mtangazaji akikuambia kiitikio kinachelewa, na wewe ukarudi baada ya siku kumi na kiitikio kilichosogezwa mbele, wimbo umekuwa wake pia.

Kuhusu "ya soda"

Utaombwa. Pengine si waziwazi. Utaambiwa mambo magumu, mafuta ya pikipiki, vocha. Mishahara ya redio ndogo ni midogo na wapo wanaofanya kazi bila mshahara kabisa, hilo nalijua kwa tumbo langu. Bado nakushauri usitoe. Wimbo uliolipiwa hupigwa kwa hesabu ya pesa, zikiisha unashuka, na wasikilizaji hawakuwa wameuomba. Tena aliyekula kwako amekula kwa wengine wanne wiki hiyohiyo. Na kuna sheria: ile ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007 inamgusa pia mwajiriwa wa kampuni binafsi anayepokea kitu pembeni ili atumie kazi ya mwajiri wake. Marekani walilipitia hili mwishoni mwa miaka ya 1950, na DJ maarufu kuliko wote wa rock and roll, Alan Freed, alipoteza kazi kwalo.

Kama una pesa na unataka kuzitumia redioni, nenda ofisi ya mauzo, nunua tangazo la wimbo au la onyesho lako, chukua risiti. Hiyo ni biashara.

Hatua ya tano: ukiitwa studio

Kuna kijana alikuja kwangu, ngoma yake nzuri kupita kiasi, nikampa dakika kumi. Akaanza salamu. Baba, mama, shangazi wa Songea, wana wa stendi, wana wa bondeni, mwalimu wa darasa la tano. Jingo la taarifa ya habari likaingia hajataja jina la wimbo.

Salimia watu wawili. Kisha uwe na kisa kimoja kuhusu wimbo: uliandikia wapi, nani alikukasirisha, mstari gani uliufuta. Kisa kiwe cha nusu dakika, kiwe cha kweli, na kitaje mahali ambapo wasikilizaji wanapajua, soko fulani, kona fulani. Watu wanaanza kuupenda wimbo wakishajua kwamba ulizaliwa karibu na kwao. Jina la wimbo litaje mara tatu. Kabla hujatoka, mrekodie mtangazaji sauti fupi ya kukitaja kipindi chake: jina lako, jina la kipindi, basi. Ataitumia miezi, na kila akiitumia umetajwa.

Hatua ya sita: baada ya kupigwa mara ya kwanza

Usiwapange binamu zako wapige simu kuuomba wimbo. Tunajua. Meseji saba zenye maneno yaleyale zinaingia ndani ya dakika mbili, zote zinakosea tahajia ileile. Unachotaka ni watu wasiokujua, na hao hawapatikani kwa kupanga. Wanapatikana kwa kuupeleka wimbo mahali wanapokaa muda mrefu. Saluni. Vijiwe vya bodaboda. Banda la mpira kabla mechi haijaanza. Konda wa gari la kwenda kijijini, ambaye flashi yake inazunguka njia nzima siku nzima. Waambie wakiupenda waombe redioni, na waseme wako wapi. Mtangazaji akipata meseji ya "naomba ile ngoma ya Makambako, niko Ilembula kwenye mashine ya kusaga", ana sababu ya kuipiga kesho, tena ana kitu cha kusema juu ya biti.

Wewe nawe rekodi kipande cha ngoma ikipigwa, kiweke mtandaoni, mtaje mtangazaji na kipindi. Wengi hushukuru kituo na kumsahau mtu.

Hatua ya saba: kupanda barabara

Ikishazungumzwa nyumbani, usirukie Dar. Fuata barabara. Msanii wa Makambako ana Kings FM Njombe, Ebony FM Iringa na Bomba FM Mbeya, zote ndani ya safari ya basi moja. Wa Kanda ya Ziwa anaizunguka Mwanza, yenye Radio Free Africa. Watangazaji wa mikoani wanajuana, wametoka redio hii kwenda ile, wako kundi moja la WhatsApp. Ukifika kwa wa pili mwambie wa kwanza anasemaje, kwa ukweli, maana atampigia simu kabla hujamaliza soda yako.

Dar es Salaam inakuja baada ya hapo. Vipindi kama XXL ya Clouds FM na Planet Bongo ya East Africa Radio vimesikilizwa miaka mingi, na foleni ya kuvifikia ni ndefu. Anayekuja na miezi mitatu ya kupigwa kwenye redio nne za nyanda za juu, tarehe na vipindi vikiwa vimeandikwa kwenye daftari, anapewa kiti. Daftari hilohilo ndilo utakaloshika siku ukienda kuuliza habari za mirabaha yako, kwa hiyo liandike kwa kalamu isiyofutika, na kila mstari uwe na jina la aliyeipiga.

Wimbo wa pili uwe tayari kabla wa kwanza haujachoka. Kadiri ya miezi miwili. Na huo wa pili usiuache getini kwa mlinzi; mpelekee mkononi yule aliyeupiga wa kwanza siku ambayo hakuna aliyekujua, ausikie kabla ya redio nyingine yoyote.